Nguo Zilizotazamwa

Kwa karibu mwaka mzima nilikuwa mama wa mapacha. Sijaoa, sina mtoto, na mara ya mwisho nilipopewa kichanga nibebe, nilikalishwa kwanza kwenye kochi, nikawekewa mto chini ya kiwiko, na mwenye mtoto akabaki amesimama mbele yangu mikono mbele kama golikipa. Lakini kila asubuhi, katika chumba changu cha kupanga Ipogolo, huku malori ya mbao kutoka Mafinga yakipita na kutikisa kioo cha dirisha, niliandika mtandaoni: "Akina mama wenzangu, jana mapacha wangu wamenikesha, ila baridi haikuwagusa." Kisha nilikaa na simu mkononi nikijiuliza kama mama wa kweli angeandika "wamenikesha" au "wamenikesheza", na kama angeweka alama ya mshangao moja au tatu. Chai ilipoa. Nikaweka tatu.

Ukurasa ulikuwa wa biashara ya dada yangu. Yeye ni mkubwa kwangu, anaishi Mbeya, na alikuwa amefungua fremu ndogo Mwanjelwa ya kuuza nguo za vichanga anazozifuma mwenyewe: sweta, kofia, soksi na shali. Mimi nilibaki Iringa baada ya kumaliza chuo, nikisubiri ajira kama wenzangu wote, yaani nikifungua simu kuangalia kama zimetangazwa na kuifunga. Dada akasema, "Wewe si umesoma? Basi simamia huo mtandao." Katika ukoo wetu kusoma ni kitu kimoja tu, hakina matawi. Nimesomea maendeleo ya jamii, na nimeshawahi kuitwa nitengeneze redio.

Nilianza kwa heshima. Niliposti picha ya sweta na kuandika kwamba ni sweta. Walioipenda ni dada, mimi, na mtu mmoja anayeuza dawa za kuongeza nguvu za kiume ambaye hupenda kila kitu nchini. Sikulala vizuri wiki ile. Nilijiuliza kama ni mwanga, au ni saa niliyoposti, au watu wamenijua kuwa ni mwanaume kwa namna nilivyoandika neno "sweta".

Ndipo nikaenda kwenye semina.

Kocha wa mitandao alikuwa kijana wa rika langu aliyevaa koti la suti juu ya fulana, na ambaye hakuwahi kuuza kitu chochote maishani isipokuwa mafunzo ya kuuza. Alikodi ukumbi mjini na kutuita "familia". Humo ndani kulikuwa na akina mama wa unga wa lishe, binti wa asali, wauza viatu, na fundi vitanda mmoja aliyekuja kutoka Mafinga na bado alikuwa na vumbi la mbao masikioni. Kocha alitamka "algorizimu", yaani hesabu za mtandao zinazoamua posti ipi ionekane, kwa sauti ya chini, kama mtu anayetaja jina la marehemu. Fundi vitanda akanyoosha mkono.

"Kocha, mimi kitanda changu anakinunua mtu wa Mafinga ambaye amekikalia pale pale. Mtu wa Mwanza akinifuata mtandaoni, anafuata nini?"

"Blaza," kocha akasema, "waza kimataifa."

Ukumbi ukapiga makofi. Fundi akakaa, na nilimwona akiwaza kimataifa kwa dakika kadhaa bila mafanikio.

Kisha kocha akatufundisha kwamba watu hawanunui kwa duka, wananunua kwa mtu. Akaninyooshea kidole. "Wewe ni nani?"

"Mimi ni mdogo wake mwenye duka."

"Hapana. Unauza nguo za vichanga. Kuanzia leo wewe ni mama."

"Mama wa wangapi?" mtu akapiga kelele kutoka nyuma.

"Wawili," kocha akajibu bila kufikiri. "Mapacha. Mapacha wanauza."

Wakacheka mpaka mama mmoja wa unga wa lishe akajifuta machozi. Mwishoni tuliamriwa tufuatane. Kila mtu akatoa simu akamfuata kila mtu, na tukatoka pale tukiwa tumezungukana kama ng'ombe kwenye josho: wauzaji watupu, hakuna hata mmoja aliyekuja kununua. Usiku ule wafuasi wangu waliongezeka, nami, naomba nisamehewe, nilifurahi.

Kuna duka la nyuzi mjini Iringa ambalo mwenyewe ni mzee wa Kihindi aliyezaliwa hapo hapo na anayeongea Kihehe kuwashinda vijana wa Kihehe. Nilikuwa namnunulia dada nyuzi huko kwa sababu Mbeya rangi nyingine hazipatikani. Nilimweleza habari za ukurasa wetu, kwa kuwa siku zile nilimweleza kila mtu.

"Kamwene, bwana mdogo. Wafuasi wangapi?"

Nikamtajia.

"Umefungua kanisa?"

"Hapana mzee, duka."

"Duka linataka wateja. Wafuasi ni wa mtume." Akanifungia nyuzi zangu kwenye gazeti na kuhudumia mtu mwingine. Nilimdharau kwa kutokuelewa dunia inakokwenda. Nilidharau watu wengi kipindi kile, na karibu wote kwa sababu zisizo sahihi.

Sikutegemea kwamba umama wangu ungefanya kazi. Ulifanya. Akina mama walianza kuja inboksi, na hawakuja kuuliza bei tu. "Dada, wewe kwa mapacha ulivimba miguu?" Nilisoma kurasa za afya nusu saa, nikajibu, "Nilivimba, mpendwa, ila muone nesi." Majibu yangu yote yaliishia na "ila muone nesi", kwa sababu niliogopa kuua mtu. Nilijua mambo ambayo mwanaume hapaswi kuyajua kabla ya kuoa, na mengine hata baada ya hapo. Waliniita dada, shoga yangu, mama mapacha. Mmoja alinitumia picha ya tumbo lake. Niliifuta haraka, nikakaa kidogo nje ya chumba, kana kwamba ameingia mwenyewe.

Kati ya hao alikuwamo mama mmoja wa Chunya.

Yeye hakuandika kwa mbwembwe. Aliuliza kama tuna rangi ya maziwa, isiyo ya kike wala ya kiume. Nikamwambia ipo. Kisha akaandika ujumbe mrefu ambao bado naukumbuka. Alisema mimba mbili za mwanzo zilijulikana mapema. Ukweni kwake ni watu waliohamia Usangu na ng'ombe wao kutoka kaskazini, na mama mkwe alikuja Chunya na mashangazi na kuku, watu wakaimba, na mara zote mbili zikaharibika wote wakiwa wamekaa sebuleni wanamtazama. Hii ya sasa alikuwa anaijua yeye, mume wake na nesi. "Na sasa wewe, dada. Macho ya watu ni mazito. Najua nguo hazinunuliwi mapema. Mimi nataka moja tu niiweke kabatini, niwe naishika."

Nilimwandikia, "Siri yako iko salama kwangu." Niliisoma sentensi hiyo mara nyingi kabla ya kuituma. Niliona ni nzuri.

Sasa nieleze habari za ushahidi, maana asiyefanya biashara ya mtandaoni anaweza asijue upuuzi huu. Mfuasi wa Kitanzania haamini duka lolote. Ametapeliwa, au shemeji yake ametapeliwa, au amesikia. Kwa hiyo muuzaji hupiga picha boksi la mteja likiwa limefungwa kwa gundi, limeandikwa kwa kalamu nene jina na mji, likiwa linapakiwa kwenye basi, na kuliposti: mzigo wa Songea huo, mzigo wa Sumbawanga huo. Watu wazima wanakaa ofisini kuangalia maboksi ya watu wasiowajua. Kocha alikuwa ameniambia ukurasa wangu una maneno mengi na ushahidi mdogo. "Mzigo usioonekana ni mzigo wa uongo, mama mapacha," alisema, na akacheka, kwa kuwa jina hilo lilimfurahisha sana.

Dada alifuma sweta, kofia na soksi za rangi ya maziwa. Akazifunga kwenye boksi lililokuwa la biskuti, akalipeleka stendi ya magari ya Chunya, na kama kawaida yetu akanitumia picha.

Nilihangaika na picha ile kutwa. Niliweka moyo mwekundu juu ya jina la mteja: jina la kwanza, la baba, la ukoo. Nikaweka moyo juu ya namba ya simu. Nikafikiri mtu mwenye akili anaweza kuona tarakimu ya mwisho ikichungulia, nikaongeza moyo. Nikafikiria kufuta neno Chunya, lakini boksi lisilo na mji halithibitishi lolote, na Chunya ni wilaya nzima, ina wachimba dhahabu, walima tumbaku na wafugaji, nani atajua? Chini kabisa dada alikuwa ameandika kwa mkono wa haraka, "kwa mama mashine". Hilo niliona ni maelekezo ya konda, kama vile "juu huku" au "usikandamize". Nikaliacha. Nikaandika: "Mama kijacho wetu wa Chunya, mzigo wako unapanda gari! Mungu akutangulie!!!"

Posti ile ilitembea. Sijui kama nilishawahi kuwa na furaha ya kijinga kama ile. Nilikuwa nashika simu inatetemeka kama kuku anayechinjwa. Komenti zilikuja nyingi kuliko sweta zote tulizowahi kuziuza. "Hatimaye Mungu amemkumbuka." "Mama mashine jamani, nalia huku." "Hongera sana, yametimia." "Chunya nzima tunakuombea." Niliamini ni maneno yangu yaliyowagusa. Nilidhani "mama mashine" ni sifa ya vijana, kama wanavyosema mtu fulani ni mashine. Nilijibu kila mmoja, kwa mkono wangu, "Amina mpendwa."

Kesho yake simu ya duka, niliyokaa nayo mimi, ilipoita nilikuwa bado najibu.

"Haloo. Naomba kuongea na dada."

"Dada yupi?"

"Mwenye ukurasa. Mama mapacha."

Lori likapita. "Ni mimi," nikasema.

"Wewe ni nani yake?"

"Mimi ndiye ninayeandika."

"Unaandika nini?"

"Yote."

Nilisikia mashine ya kusaga ikinguruma nyuma yake, kisha mlango ukafungwa na ngurumo ikapungua. "Ina maana," akasema taratibu, "nimekaa namwelezea mwanaume habari za tumbo langu."

Nilianza kuomba radhi. Akanikatiza. Hakuwa na muda na radhi.

"Nani alikwambia uandike mama mashine?"

"Nilificha jina lako, mama. Nilificha yote matatu, na simu."

"Kijana, hilo jina ulilolificha analijua hakimu na benki. Hapa mimi naitwa mama mashine. Wenzangu wanaitwa kwa watoto wao. Mimi mtoto sina, wakaniita kwa mashine. Chunya hii yote, ukisema mama mashine, hata ng'ombe anageuka."

Akaniambia kilichokuwa kinatokea. Tangu jana wanawake walikuwa wanakuja mashineni kwake wasio na kazi pale. "Amekuja mmoja na kilo moja ya mahindi. Kilo moja! Umewahi kuona nani anasaga kilo moja? Anasimama hapo, ananiangalia tumbo, anasema hongera. Mwingine kaja na bakuli." Pumzi yake ilikuwa ya juu juu. Mama mkwe alikuwa ameshapiga simu kutoka Usangu, alikuwa njiani. "Nimevaa koti la kazi miezi yote hii, vumbi la unga hadi kwenye kope, hakuna aliyejua. Futa."

"Nafuta sasa hivi."

"Na hao uliowaambia amina?"

Akakata.

Ningependa kusema kwamba nilifuta papo hapo. Nilifungua picha, kidole kikawa juu ya neno lenyewe, nikaanza kufikiri. Je, nikifuta, wataona nimefuta na kuulizana kwa nini? Je, niifiche tu bila kuifuta? Je, nibadilishe maneno, niandike kwamba ni mama mashine mwingine? Badala ya kufuta nikampigia kocha, kitendo ambacho hadi leo nikikikumbuka natembea mwendo wa haraka popote nilipo.

"Usiguse!" kocha akasema. "Mama mapacha, hii ndiyo uliyokuwa unaisubiri. Ukifuta, algorizimu inakuadhibu, unarudi sifuri."

"Mteja ana mimba changa, ameumia."

"Ndiyo uzuri wenyewe. Nenda Chunya. Mrekodi. Muombe msamaha hewani, wewe ulie, yeye alie, mkumbatiane. Hiyo itatembea kuliko hii."

Alikuwa anaongea kwa furaha ya kweli, kama daktari aliyegundua dawa. Nikatambua kwamba mtu huyu akifiwa atatafuta kwanza mwanga mzuri. Nikakata simu bila kuaga, jambo ambalo sijawahi kumfanyia mtu yeyote, na nikafuta posti. Haikusaidia sana. Walikuwa wameshaipiga picha na kuipeleka kwenye magrupu ya kwaya, ya michango ya harusi, ya wazazi wa shule. Watu walewale wa "nalia huku" walikuwa wanatuma boksi la mtu huku na huku, na kila mmoja akiliita upendo.

Siku chache baadaye boksi lilirudi Mbeya kwa gari lilelile. Gundi haikuguswa. Mama wa Chunya alimtumia dada ujumbe, si mimi tena: "Hizi zimeshatazamwa. Mtoto wangu hatavaa nguo za maonyesho."

Nikapanda basi kwenda Mbeya. Dada alinipokea bila kuacha kufuma. Boksi lilikuwa kwenye rafu, limefungwa vilevile.

"Wewe umeficha jina la serikali ukaacha jina lake," akasema. "Kichwa chako kikoje?"

"Wewe ndiye uliyeandika, dada."

"Mimi niliandikia konda!" Sindano zikasimama. "Niliandika kwa ajili ya konda, bwana, si kwa ajili ya dunia. Konda akifika Chunya akiuliza majina yale matatu ataambiwa mtu huyo alishahama. Mteja mwenyewe aliniambia, andika mama mashine litafika."

"Sasa tufanye nini?"

"Wewe ungefanya nini? Ungeandika posti."

Alikuwa tayari amepima uzi mwingine wa rangi ya maziwa. Mama wa Chunya hakuwa ameomba nguo nyingine, wala dada hakumuuliza. Alizifumia chumbani kwake. Nilipopitisha kichwa mlangoni kuuliza kama anataka chai, alivuta kanga akafunika mapaja. "Toka. Wewe ndiye usizione kabisa." Simu yake aliiacha jikoni, juu ya friji, chini ya kitambaa. Hadi leo sijui kama safari ile alifuma sweta au shali, wala kama aliweka vifungo. Nilijaribu kuhesabu vifungo vilivyobaki kwenye kopo, kisha nikaona hilo nalo ni kuchungulia, nikalifunika kopo.

Tatizo likawa namna ya kuzifikisha. Boksi haliwezekani tena. Chunya yote ilikuwa inasubiri boksi. Dada akaleta kiroba cha mahindi, debe zima, akachimba katikati kwa mkono, akazika kifurushi kilichofungwa kwenye mfuko mweusi, akashona mdomo.

"Unaenda kusaga," akaniambia. "Wewe ni mtu wa kusaga. Usiongee kama msomi."

Njia nzima nilifanya mazoezi ya kuwa mtu wa kusaga. Je, anayesaga anasema "nisagie" au "naomba kusaga"? Je, kuna mtu anayetoka na mahindi Mbeya kwenda kuyasaga Chunya? Nikijulikana, nitasema nini? Nilitunga shangazi anayeishi Chunya, nikamtungia na ugonjwa.

Mashine ilikuwa katika kibanda cha mabati nje kidogo ya mji, na nje yake walikuwapo wanawake kama sita wamekaa na mifuko midogo midogo ya kichekesho, mingine ya rambo iliyofungwa mafundo mawili ili ionekane imejaa. Hawakuwa na haraka ya kusagiwa. Wote walikuwa wameelekeza nyuso upande mmoja, kwenye mlango. Niliwatambua, ingawa sikuwahi kuwaona. Ndio niliowaandikia amina.

Mlangoni, kwenye stuli, alikaa bibi mrefu mwenye fimbo na bangili za shaba, ameziba njia yote kwa magoti. Sikuhitaji kuambiwa ametoka Usangu.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba. Umeleta ngapi?"

"Debe."

Akanyoosha fimbo, akagonga kiroba kuhakikisha. "Hili debe. Pita." Mwanamke mmoja akainuka nyuma yangu na mfuko wake. Fimbo ikashuka mbele yake kama kizuizi cha barabarani. "Wewe umeleta nini?"

"Mahindi, bibi."

"Hayo ni ya kuku. Kawape kuku."

"Jamani bibi, si nataka tu kumpa hongera?"

"Hongera ya nini? Mashine ni ya zamani." Na yule bibi, ambaye mkwewe alikuwa amemwogopa kuliko watu wote duniani, akatema mate pembeni na kurudisha magoti yake mlangoni. "Kama huna debe, nyumbani kwako kuna kazi."

Ndani vumbi la unga lilikuwa limetanda, na yeye alikuwa amesimama nyuma ya mashine ndani ya koti pana la rangi ya udongo. Nilijiambia nisimtazame tumboni. Nikatazama dari, kisha mkanda wa mashine, kisha viatu vyangu, na nadhani hakuna mtu aliyewahi kuingia kusaga akiwa na macho ya wizi kama yale.

"Amenituma dada yangu," nikasema. "Wa Mwanjelwa."

Sauti aliijua. Mikono yake ikasimama juu ya mdomo wa kiroba. Alinipima kuanzia miguuni, bila haraka.

"Ndiye wewe mama mapacha."

"Ndiyo, mama."

"Hawajambo watoto?"

Nilijisikia masikio yakiwaka. "Hakuna picha iliyopigwa," nikasema. "Mimi mwenyewe sijaziona. Hakuna aliyeziona, ila aliyezifuma."

Alifungua kiroba kwa kisu, akaingiza mkono hadi kwenye kiwiko, akatulia humo. Nilimwona akipapasa ndani ya mahindi, akiwa amegeuzia uso ukutani. Alikaa hivyo muda mrefu kuliko inavyotakiwa. Kisha akainama nyuma ya mashine, na aliposimama mikono yake ilikuwa mitupu. Akamimina mahindi, akawasha. Hatukuongea tena, maana mashine hairuhusu. Mlangoni bibi alikuwa anamfukuza mtu mwingine mwenye bakuli.

Alipomaliza alinifungia unga, ukiwa bado wa moto. Wale wa nje walikuwa wananyoosha shingo kusikia.

"Kaka," akasema kwa sauti ya wote kusikia, "mahindi yako yalikuwa na uchafu kidogo katikati. Nimeutoa."

"Asante, mama."

"Usiyalete tena huku. Ni mbali."

Niliondoka. Bibi alinyanyua magoti nipite, akayashusha.

Yapata nusu mwaka sasa. Dada anaendelea na ukurasa mwenyewe. Anapiga picha nguo ikiwa juu ya kiti cha plastiki na kuandika kwamba ni sweta. Mimi nimeachiwa kazi ya kuangalia komenti, na mara moja moja kupeleka nyuzi. Mapacha wangu walitoweka mtandaoni ghafla, watoto wawili wachanga niliowasimulia karibu mwaka mzima, meno yao, homa zao, na kati ya wafuasi wote wale hakuna hata mmoja aliyeuliza wamepatwa na nini. Upendo wao ndio huo. Nasikia kocha anakisimulia kisa cha boksi la Chunya kwenye semina zake, kama mfano wa posti iliyotembea, na ukumbi unapiga makofi.

Mwezi aliotarajia kujifungua umepita. Sijui kilichotokea. Nimeshaifungua namba yake nikaandika "Habari za siku nyingi", nikafuta, nikaandika "Shikamoo mama", nikafuta, nikajiuliza kama ataona kwamba naandika, nikazima simu kabisa. Dada naye hajauliza. Siku moja aliniangalia kana kwamba anataka kusema kitu, kisha akaniambia uzi wa kijani umekwisha.

Lakini wao wanauliza. Chini ya picha ya soksi, chini ya kofia, popote, anatokea mtu: "Yule mama mashine wa Chunya vipi, alijifungua salama? Tunaomba mrejesho." Mrejesho! Kama vile walimkopesha tumbo. Mwingine anaongeza, "Tulimuombea sana, tuna haki ya kujua," na wa tatu anaweka ile alama ya mikono miwili ya sala. Mwanzoni nilitunga majibu, ya adabu na ya matusi, na sikutuma hata moja. Siku hizi sifikirii, na kwa mtu kama mimi hilo ni jambo kubwa. Anayeuliza namfungia asiingie tena kwenye ukurasa. Leo asubuhi nimewafungia wanne kabla ya chai. Namba ya wafuasi iliyo juu ya ukurasa ikawa inashuka, nami nikawa naitazama ikishuka.